Pampu ya pawa stelingi inayovuja: Namna ya kuifungua na kubadili sili nyumbani

GARI linalobeba bidhaa kuvuka mipaka halina muda mrefu wa kupumzika. Hiace iliyopakia nyanya au dagaa ikianza kudondosha mafuta chini ya injini, mwenye gari hujiuliza mambo mawili: je, itafika, na matengenezo yatakula faida kiasi gani? Mara nyingi jibu analopewa gereji ni kwamba pampu ya pawa stelingi imekufa, inunuliwe nyingine.

Ukweli ni kwamba pampu nyingi zinazovuja hazijafa. Kilichochoka ni sili na oringi za mpira, ambazo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya pampu nzima. Mtu mwenye spana za kawaida, mahali pasafi na subira anaweza kuzibadili nyumbani kwa siku moja. Jambo la msingi ni kujua pampu ipi inafaa sili mpya na ipi haifai tena.

Makala haya yanahusu pampu inayozungushwa na mkanda, iliyomo katika Hiace, Hilux, Corolla za zamani na magari mengi ya Kijapani ya umri huo. Magari madogo kama Vitz na Passo husaidiwa usukani na mota ya umeme, hivyo hayana pampu hii.

Kwa nini uvujaji usipuuzwe

Usukani unapokatwa hadi mwisho, pampu hizi huweza kusukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bar 70. Kazi nzito zaidi hufanyika gari likiwa limesimama au likienda polepole, kama katika foleni ya Tunduma au katika maegesho ya forodha.

Mafuta yakiisha, gari bado linakata kona, lakini usukani huwa mzito ghafla. Kwa dereva aliyepakia mzigo akiwa katika mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, kwenye barabara ya Zambia, au Sekenke mkoani Singida, kwenye barabara ya kuelekea Rwanda na Burundi, mabadiliko hayo ni ya hatari. Aidha, mafuta yakidondokea bomba la moshi lenye moto yanaweza kuwaka.

Hasara nyingine ni ya kimya kimya. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayolainisha pampu. Ikizunguka bila mafuta, vyuma vyake husagana, na kazi iliyohitaji sili tu inakuwa kazi ya kununua pampu.

Kutafuta chanzo

Kabla ya kulaumu pampu, eneo lote lioshwe kwa dizeli au mafuta ya taa injini ikiwa imepoa, kisha likaushwe kabisa. Injini iwashwe kwa dakika 10 hivi, mtu mmoja akizungusha usukani kulia na kushoto. Injini ikishazimwa, mwingine aangalie kwa tochi ni wapi panaanza kulowa. Mafuta hushuka na feni huyapeperusha nyuma, kwa hiyo sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo yenye kosa. Uvujaji wa hosi ya shinikizo usipapaswe kwa mkono wakati injini inafanya kazi.

Sehemu za kukagua ni hizi:

- Hosi ya kurudisha mafuta na klipu zake. Hapa huenda kinachotakiwa ni klipu mpya tu.
- Bolti ya hosi ya shinikizo na washa zake mbili. Washa hizo zibadilishwe kila bolti inapofunguliwa.
- Kiungo cha kuingizia mafuta kwenye pampu. Oringi yake ikikauka, pampu hunyonya hewa, hulia na mafuta hutoa povu.
- Nyuma ya puli. Mafuta yakionekana hapa, sili ya shafti imechoka.
- Mfuniko wa nyuma wa pampu, ambao nao una oringi.

Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ ni tofauti. Pampu yake huzungushwa na gia za injini, si mkanda. Sili ya shafti ikichoka, mafuta ya stelingi huweza kuingia ndani ya injini. Mwenye gari anaona mafuta yanapungua bila tone chini. Hapo oili ya injini nayo ikaguliwe na kubadilishwa.

Kununua sili

Kwa magari ya Toyota, namba ya seti ya sili za pampu huanza na 04446. Seti yenye namba inayoanza na 04445 ni ya stelingi boksi au reki, na wauzaji wengine huzichanganya. Njia salama ni kwenda dukani na namba ya chasisi na jina la injini, kwa sababu Hiace mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na pampu tofauti. Ikikosekana seti, sili ya shafti inaweza kutafutwa kwa vipimo vilivyoandikwa juu yake: kipenyo cha ndani, cha nje na unene.

Spea hizi hupatikana Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na eneo la Kisekka jijini Kampala. Anayenunua ng'ambo ya mpaka akumbuke kwamba cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Spea iliyotengenezwa Japan haigeuki kuwa bidhaa ya jumuiya kwa kununuliwa Nairobi. Risiti itunzwe na spea itajwe forodhani.

Kuhusu pampu ya mtumba, sili zake huenda zina umri sawa na za pampu iliyoharibika, au zaidi. Anayeinunua afikirie kununua na seti ya sili, aifungue kabla ya kuifunga kwenye gari.

Kufungua

Vifaa vinavyotakiwa ni seti ya spana na soketi, plaisi ya klipu, bisibisi nyembamba, nyundo ya plastiki, jeki na stendi mbili imara, chombo cha kukingia mafuta, kitambaa kisichotoa nyuzi na filagezi. Gari lisiachwe juu ya jeki peke yake.

1. Nati ya puli ilegezwe kwanza, mkanda ukiwa bado umekaza. Mkanda ndio unaozuia puli kuzunguka. Baadhi ya magari yana puli iliyoshindiliwa bila nati. Hiyo huhitaji pula maalumu na isigongwe kwa nyundo.
2. Mafuta yanyonywe kwenye tanki lake, hosi zifunguliwe na midomo yake izibwe kwa kitambaa safi.
3. Mkanda utolewe, kisha bolti za pampu. Pampu ioshwe nje kabla ya kufunguliwa. Chembe moja ya mchanga ndani yake inatosha kuharibu kazi yote.
4. Vali ya kurekebisha mafuta na springi yake itolewe, na upande wake ukumbukwe.
5. Klipu ya nyuma itolewe na mfuniko uvutwe taratibu. Kila kipande kipigwe picha kwa simu kabla hakijaondolewa na kipangwe mezani kwa mfuatano.

Ndani kuna rota yenye mifereji, vibamba vidogo vya chuma vinavyocheza ndani ya mifereji hiyo, na pete nene ya chuma yenye tundu la umbo la yai. Rota ikizunguka, vibamba hutoka na kugusa pete, vikinyonya mafuta upande mmoja na kuyasukuma upande wa pili. Mwelekeo wa rota na wa pete uwekewe alama ya kalamu, si mkwaruzo wa bisibisi.

Sili ya zamani hutolewa kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa kwenye ncha. Ukuta wa bodi inapokaa sili usikwaruzwe, kwani mkwaruzo huo utakuwa njia mpya ya mafuta.

Kukagua: hapa ndipo uamuzi ulipo

Vipande vyote vikishaoshwa na kukaushwa, viangaliwe kwenye mwanga mzuri.

Shafti ipitishwe ukucha pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja upesi. Ikiwa bodi ina nafasi, sili inaweza kukaa ndani au nje kidogo ya pale ilipokuwa ili mdomo wake uguse chuma kizima.

Shafti irudishwe kwenye bushi yake na kutikiswa. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa pampu nyingi za aina hii vinaruhusu nafasi isiyozidi milimita 0.07. Ikicheza waziwazi mkononi, pampu imekwisha, kwa sababu shafti inayoyumba huitafuna sili.

Pete ya ndani ikiwa na mawimbi, au sahani za pembeni zikiwa na mikwaruzo inayonasa ukucha, shinikizo halitafika. Sili mpya itazuia mafuta kudondoka, lakini usukani utabaki mzito. Pampu ya namna hiyo isifungwe tena.

Vali ipakwe mafuta na kurudishwa kwenye tundu lake. Inatakiwa iteleze kwa uzito wake yenyewe. Ikikwama, isafishwe, ikiendelea kukwama au ikiwa na mikwaruzo, pampu ibadilishwe.

Kurudisha

Kila kipande cha mpira kipakwe mafuta ya stelingi kabla ya kuwekwa. Meno ya shafti yafungwe selotepu nyembamba ili yasikate mdomo wa sili wakati wa kuipitisha. Sili iingizwe mdomo wake ukitazama ndani, upande wenye mafuta, ikigongwa taratibu kwa soketi yenye kipenyo kinachokaribia cha sili. Ikiingia upande, itolewe na kuanzwa upya.

Vibamba vina ncha moja iliyo duara. Ncha hiyo ielekee nje, kwenye pete. Hili ndilo kosa linalowarudisha wengi kazini, kwa sababu tofauti ya ncha ni ndogo kwa macho. Mfuniko ukishafungwa na klipu kukaa vizuri kwenye mfereji wake, shafti izungushwe kwa mkono. Iende laini bila kukwama.

Mkanda uliolowa mafuta ubadilishwe, kwani utateleza na kupiga kelele hata ukikazwa.

Kujaza mafuta na kutoa hewa

Mafuta yachaguliwe kwa maandishi ya kwenye mfuniko wa tanki. Toyota nyingi za umri huu hutumia ATF aina ya Dexron II au III. Honda ina mafuta yake maalumu. Breki flui isitumike kamwe, hata kwa kusogeza gari hadi gereji, kwani huharibu mpira wa sili zote za mfumo huu.

Matairi ya mbele yakiwa yameinuliwa juu ya stendi na injini imezimwa, usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho mara kadhaa, mafuta yakiongezwa kila yanaposhuka. Kisha injini iwashwe bila kukanyaga mafuta na zoezi lirudiwe. Usukani usishikiliwe mwisho kwa zaidi ya sekunde 2 au 3. Povu likitoweka, kipimo cha mafuta kisomwe injini ikinguruma, kisha izimwe. Mafuta yakipanda zaidi ya milimita 5 baada ya kuzimwa, hewa bado imo.

Kabla ya safari ya mpakani

Gari lizungushwe mjini siku moja au mbili bila mzigo, na karatasi nyeupe iwekwe chini yake usiku. Ikibaki kavu asubuhi, kazi imekamilika. Tone jipya likionekana, lifuatiliwe kuanzia juu kama mwanzo, kwa kuwa huenda ni washa au klipu ya hosi.

Dawa za chupa zinazodaiwa kuziba uvujaji huvimbisha mpira kwa muda tu. Zinaweza kumfikisha dereva nyumbani, lakini si za kutegemea kwa mzigo wa wiki ijayo. Lita moja ya mafuta sahihi ndani ya gari, na desturi ya kuangalia tanki kila asubuhi ya safari, ni kinga yenye gharama ndogo zaidi.