Cheti Kimoja, Watu Wawili

Juma hili nataka tuzungumzie wizi usiohitaji panga wala kuvunja mlango, yaani wizi wa jina la mtu.

Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Gumzo la nchi nzima lilikuwa juu ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Lakini katika taarifa hiyo hiyo palikuwa na hesabu nyingine iliyopita kimya kimya: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Kila cheti kilikuwa na watu wawili, na kila mmoja wao akipokea mshahara wake.

Je, tulifikaje hapo? Mimi ni mtu wa Mbozi Mission, na historia ya kwetu inaeleza jambo hili vizuri. Wamoraviani kutoka Ujerumani walipofungua kituo hapo mwaka 1899, jina la mtu wa Unyiha lilikuwa salama kwa sababu majirani walimjua yeye, baba yake na babu yake. Kisha kikaja kitabu cha ubatizo. Serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu haikumlazimu Mwafrika. Yeye alitakiwa kuonyesha kipande cha kazi na stakabadhi ya kodi, karatasi zisizo na picha.

Baada ya Uhuru, karatasi yenye thamani ikawa cheti cha shule. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na aliyeshindwa darasa la saba hakuruhusiwa kurudia. Basi mzazi alimpeleka mwanawe shule ya mbali, akaingizwa darasani kwa jina la mtoto aliyeacha masomo. Ndiyo maana hadi leo si ajabu kukutana na mtu mwenye jina moja nyumbani na jingine kazini. Wengi hawakuuita huo wizi, waliuita kusaidiana. Mwenye jina alikuwa shambani akipalilia kahawa, au amekwisha kuvuka Tunduma kwenda kutafuta maisha Zambia. Nani angemuuliza?

Sheria ya kuandikisha na kutambua watu ilitungwa mwaka 1986. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliundwa mwaka 2008, na vitambulisho vikazinduliwa Februari 2013. Kila mtu hupewa namba ya tarakimu 20, inayoanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, nayo huambatana na alama za vidole. Kuanzia Mei 2019 hata laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama hizo.

Ni hatua kubwa. Hata hivyo, kompyuta ni karani anayeandika kile anacholetewa. Mtu akitangulia dirishani na cheti cha mwenzake, akaweka vidole vyake mwenyewe, mashine itamtambua yeye. Mwenye jina akifika baadaye, ndiye atakayeonekana mwongo, naye atahangaika na nauli, barua za mtendaji na mashahidi ili athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Kompyuta inaweza kuonyesha kwamba namba moja ya mtihani iko katika majalada mawili. Haiwezi kusema ni yupi kati ya wale wawili aliyeketi kwenye chumba cha mtihani. Jibu hilo liko katika daftari la shule, katika kitabu cha ubatizo, katika picha ya darasa, na katika kumbukumbu za mwalimu mzee. Tukiviacha vitabu hivyo viliwe na mchwa kwa kuwa tumepata mashine, tunajinyima ushahidi wa mwisho.

Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 na ile ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 zinamlinda mwananchi, lakini mara nyingi sheria huitwa mali ikiwa imekwisha kuibwa. Kinga iliyo bora ni kumwandikisha mtu mapema. Mwaka 2013 mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo Mbozi ilikuwa ndani yake, ulianza kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano katika kliniki na ofisi za kata, taarifa zao zikitumwa kwa simu. Mtoto aliyeandikwa hivyo si rahisi kuporwa jina akiwa mkubwa.

Sisi tuliokwisha kukua tuanze na lililo mkononi. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Wakala akikutaka uweke kidole mara ya pili, muulize sababu. Na ndugu akija kuazima cheti, mpe nauli akasome.

Hadi juma lijalo.