Kalamu Inapogoma: Historia Fupi ya Mazoezi ya Kumkwamua Mwandishi

Kila muhula, tunapotoa zoezi la kwanza la utunzi, jambo lilelile hutokea. Tunaandika mada ubaoni, wanafunzi wanashika kalamu, kisha darasa lote linanyamaza. Baada ya dakika 20 wengi wameandika jina, namba ya usajili na mada tu. Wanafunzi hao hao, wakiwa nje ya darasa, hupiga soga kwa Kiswahili bila taabu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba wamekosa maneno. Katika makala haya tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu jinsi watunzi wa zamani na wa karibuni walivyolikabili tatizo hili, kwani tunaamini limo ndani yake somo kwetu sisi walimu.

Tatizo lenyewe lilienezewa jina lake la kitaalamu katika miaka ya 1940 na Edmund Bergler, tabibu wa maradhi ya nafsi mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi New York. Yeye aliliona kuwa ni ugonjwa wa kutibiwa. Hata hivyo, dawa zilianza kutumika zamani kabla ya ugonjwa kupewa jina.

Tuanze nyumbani. Washairi wa pwani walikuwa na bahari ya takhmisi, yaani shairi la mishororo mitano kwa ubeti. Mtunzi huchukua mishororo miwili ya mtunzi aliyemtangulia, akatunga mitatu yake ya kuitangulia, mpaka shairi zima likamilike. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, ndiye anayetajwa kuwa aliyafanyia hivyo mashairi ya Fumo Liyongo. Wasomi huitazama takhmisi kama heshima kwa mtangulizi, na ni kweli. Lakini tukiitazama kwa jicho la ufundishaji, tunaona kwamba mtunzi wa takhmisi hakabiliwi kamwe na karatasi tupu. Vina amekwisha kupewa, mwisho wa ubeti anaujua, kazi yake ni kutafuta njia ya kuufikia.

Njia ya pili ilikuwa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga mashairi yake mengi akiwajibu watu, wakiwemo washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo miwili. Desturi hiyo iliingia magazetini baada ya Mambo Leo kuanzishwa Tanganyika mwaka 1923, ambapo mshairi mmoja aliweza kuuliza na wengine wakamjibu kutoka wilaya za mbali. Anayejibu hana haja ya kutafuta mada, kwa sababu amekwisha kuchokozwa.

Huko Ulaya na Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 1919, mjini Paris, André Breton na Philippe Soupault waliandika kwa kasi bila kujizuia wala kusahihisha, ili fikra zitoke kabla akili haijazikagua. Mwaka 1934 Dorothea Brande wa Marekani alitoa kitabu cha kuwafunza waandishi wanaoanza. Aliwashauri waamke nusu saa mapema na kuandika kabla ya kuzungumza na mtu au kusoma chochote. Mwaka 1973 mwalimu Peter Elbow alilileta zoezi la namna hiyo darasani: andika kwa dakika kumi bila kusimama, na ukikosa la kusema, andika kwamba huna la kusema.

Kundi la Oulipo, lililoanzishwa Paris mwaka 1960, lilifuata mkondo ulio karibu zaidi na wa washairi wetu, kwani liliamini kwamba sharti gumu huzaa ubunifu. Raymond Queneau, mmoja wa waasisi wake, alikuwa amekwisha kusimulia kisa kimoja kidogo cha ndani ya basi kwa namna 99 katika kitabu cha mwaka 1947. Georges Perec naye alitoa riwaya nzima mwaka 1969 bila kutumia herufi 'e', ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika Kifaransa.

Tuliwapa wanafunzi wetu sharti kama hilo: tunga sentensi tano zisizo na herufi 'a'. Mwanzoni walicheka, kisha wakagundua ugumu wake. Vitenzi vingi vya Kibantu huishia na 'a', njeo za '-na-' na '-ta-' haziwezekani, na viambishi 'a-' na 'wa-' vimefungwa. Mmoja aliandika, "Sipendi kurudi mjini leo." Ukanushi ulikuwa umembadilishia kiishio, na 'kurudi' ni kitenzi cha asili ya Kiarabu. Mwingine alimgeuza mtoto kuwa kitoto ili apate kusema, "Kitoto kilirudi." Kwa saa moja walijadili ngeli, njeo na maneno ya mkopo kuliko tulivyowahi kuwaona wakifanya, na hakuna karatasi iliyorudi tupu.

Lakini tusidhani kwamba kila sharti hufungua. Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, zikawasaidia wengi. Hata hivyo, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, aliona kwamba vina na mizani vinaweza kumfunga mtu mwenye jambo la kusema, akaandika bila kuvifuata. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Kwa maoni yetu, historia inaonyesha kwamba sharti humsaidia mtunzi anapolichukua kama mchezo, na humkwamisha anapoliogopa kama hukumu.

Hapa ndipo linapotugusa sisi. Wanafunzi wetu wengi hapa Uganda wamekijua Kiswahili shuleni, na kila insha waliyoandika tangu sekondari ilirudi imejaa wino mwekundu. Tulipowauliza kwa nini hawaandiki, jibu lililorudiwa zaidi lilikuwa, "Mwalimu, naogopa kukosea." Tunakiri kwamba wino huo ulikuwa wetu. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, shule zinahitaji walimu wengi, na mwalimu asiyethubutu kuandika atarithisha hofu hiyo hiyo.

Kwa hiyo tumeanza utaratibu mdogo. Dakika kumi za kwanza za kila kipindi cha utunzi ni za kuandika bila kusimama, na karatasi hizo hatuzisahihishi. Baadaye kila mmoja hupewa mishororo miwili ya mwenzake aongeze mitatu. Kusahihisha kunakuja mwishoni, baada ya kuwapo kitu cha kusahihishwa. Wenzetu wa vyuo na shule nyingine wanaofanya mazoezi ya aina hii tunawaomba watuandikie, ili toleo lijalo tulinganishe matokeo.