Ukuta wa Berlin: Ulisimama Miaka 28, Ukaanguka Usiku Mmoja, na Kuungana Bado Ni Kazi

Kila Novemba 9 ikifika lazima upatane na ile video: wasee wamepanda juu ya ukuta, nyundo mkononi, wengine wanalia, wengine wanakumbatia watu hawajui hata majina. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, so stori tumeipata kwa ufupi. Kulikuwa na ukuta, raia wakauvunja, Ujerumani ikawa moja, imeisha hiyo.

Haijaisha. Ukuta wenyewe ulichukua usiku mmoja. Kilichokuja kabla yake na kilichofuata baadaye ndicho Wajerumani wanabishania mpaka leo. Hii hapa stori yote, kutoka mwanzo.

Nchi moja iligawanywa aje?

Vita vya Pili vya Dunia viliisha Ulaya Mei 1945, Ujerumani ikiwa imechapwa vibaya. Washindi wanne, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, wakagawana nchi vipande vinne. Mji mkuu, Berlin, pia ukakatwa vinne, hata kama ulikuwa ndani kabisa ya kipande cha Wasovieti. Shika hapo vizuri, ndipo shida yote ilitoka.

Kufika 1949 zilikuwa nchi mbili. Magharibi kulikuwa na uchaguzi wa kweli na biashara huria. Mashariki kulizaliwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, GDR. Jina lilikuwa na demokrasia ndani, lakini chama chenye sauti kilikuwa kimoja tu, SED, na nyuma yake kulikuwa na jeshi la Wasovieti. Juni 1953 wafanyakazi waligoma na kuandamana. Walijibiwa na vifaru.

Baada ya hapo raia wengi waliona heri kuhepa. Kati ya 1949 na 1961, zaidi ya watu milioni 2.5 walitoka mashariki kwenda magharibi. Hawa hawakuwa tu watu wa kubahatisha maisha. Kulikuwa na madaktari, walimu, mainjinia na vijana wenye nguvu za kazi. Na njia rahisi ilikuwa Berlin: unapanda treni mashariki, unashuka magharibi, umetoka nchi.

Ukuta unapanda

Juni 1961, mdosi wa mashariki, Walter Ulbricht, aliambia wanahabari kwamba hakuna mtu ana nia ya kujenga ukuta. Haikuisha hata miezi miwili. Jumapili ya Agosti 13, watu wa Berlin waliamka wakapata barabara zimefungwa na seng'enge, wanajeshi wamesimama.

Mtaa wa Bernauer Strasse ndio uliona maajabu. Nyumba zilikuwa mashariki, lakini njia ya miguu iliyopita mbele yake ilikuwa magharibi. Wasee waliruka kutoka dirishani, wazima moto wa upande ule wakiwashika na shuka. Gava ikaziba madirisha na matofali.

Seng'enge ikageuka simiti. Mwishowe ulikuwa mpaka wa kilomita kama 155, ukizunguka Berlin Magharibi yote, na katikati kulikuwa na kipande cha ardhi tupu chenye taa, mbwa na minara ya walinzi. Gava iliuita kinga dhidi ya mafashisti kutoka nje. Lakini walinzi walikuwa wanaangalia ndani, kwa raia wao wenyewe.

Angalau watu 140 walikufa kwa sababu ya ukuta huo. Peter Fechter alikuwa na miaka 18. Agosti 1962 alipigwa risasi akiparamia, akaanguka upande wa mashariki, akavuja damu karibu saa nzima akilia kuomba msaada mbele ya macho ya watu. Chris Gueffroy, miaka 20, alipigwa risasi Februari 1989. Angevumilia miezi tisa tu, angevuka akitembea.

Wengine walitoboa. Oktoba 1964 watu 57 walipita chini ya ardhi kwa shimo lililochimbwa na wanafunzi. Septemba 1979 familia mbili, watu wanane, zilijishonea puto kubwa la hewa moto na kuruka mpaka usiku. Walitua salama.

Stasi: beste yako ndiye karao wako

Waliobaki waliishi na Stasi, polisi wa siri. Mwaka 1989 Stasi ilikuwa na wafanyakazi kama 91,000 wa kudumu, na masnichi wa siri zaidi ya 170,000, kwa nchi ya watu milioni 16 hivi. Snichi anaweza kuwa jirani, mwalimu, pasta, hata bwanako. Faili zilizobaki, ukizipanga kwa mstari, zinafika kama kilomita 111.

Maisha hayakuwa giza tupu, na hii lazima isemwe. Kodi ya nyumba ilikuwa chini, kazi ilikuwepo, na mathe angeenda job akijua mtoto yuko chekechea. Lakini ukitaka gari aina ya Trabant ungengoja zaidi ya miaka 10, na ukitaka kuona Paris ungengoja mpaka ustaafu.

Hata muziki ulikuwa siasa. Julai 1988 gava iliruhusu Bruce Springsteen apige shoo Berlin Mashariki, ikidhani vijana watapoa. Walifika zaidi ya 160,000. Kwa jukwaa, Springsteen akawaambia kwa Kijerumani kwamba anatumaini siku moja vizuizi vyote vitaondolewa. Hawakupoa.

1989: raia wamechoka

Mei 1989 gava ilitangaza matokeo ya uchaguzi wa mitaa: asilimia 98.85 wamesema ndio. Safari hii wananchi walikuwa wameenda kwa vituo wakahesabu kura wenyewe, na hesabu zikakataa. Mkenya yeyote anajua hiyo hasira.

Wakati huo Hungary ilikuwa imeanza kubomoa seng'enge ya mpaka wake na Austria. Agosti 19, watu zaidi ya 600 wa mashariki walivuka kupitia pikiniki iliyoandaliwa mpakani. Septemba 11 Hungary ikafungua kabisa. Wengine maelfu walijazana ndani ya ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague, mpaka wakaruhusiwa kuondoka kwa treni.

Kulikuwa na wale wa kuhepa, na kulikuwa na wale waliosema, hapa ni kwetu, hatutoki. Hao walikutana kila Jumatatu kwa maombi katika kanisa la Nikolai, Leipzig, kisha wakatoka na mishumaa kuandamana. Oktoba 9 ndiyo siku ilikuwa noma. Miezi minne mapema, China ilikuwa imemwaga damu Tiananmen, na GDR ilikuwa imeunga China mkono waziwazi. Leipzig kulikuwa na polisi na wanajeshi kila kona. Watu walijua wanaweza wasirudi nyumbani.

Walitoka tu. Watu kama 70,000, wakiimba: sisi ndio wananchi. Hawakurusha mawe. Hakuna risasi ilipigwa. Ukiuliza wengi wa mashariki, watakuambia ukuta ulianguka siku hiyo, mwezi mmoja kabla ya zile video. Siku tisa baadaye Erich Honecker, aliyekuwa amesema Januari kwamba ukuta unaweza kudumu miaka 100, alikuwa ameng'olewa.

Usiku wa Novemba 9

Sasa hii ndiyo sehemu inapendwa. Gava mpya ya Egon Krenz iliandika sheria mpya za kusafiri ili kupunguza presha. Mpango ulikuwa zianze kesho yake, kwa utaratibu: unaomba visa, unapanga laini, unangoja.

Msemaji wa chama, Günter Schabowski, alipewa karatasi akielekea kwa wanahabari, na hakuwa ameisoma vizuri. Saa moja jioni hivi akaisoma mbele ya kamera. Akaulizwa, inaanza lini? Akapekua karatasi, akasema kwa anavyojua ni sasa hivi, bila kuchelewa. Alichoma, tena laivu.

Watu wa mashariki walikuwa wanatazama TV ya magharibi kila siku. Habari ilisambaa, mbogi zikamiminika mpakani. Kwa kizuizi cha Bornholmer Strasse, afisa Harald Jäger alipiga simu juu mara kadhaa bila jibu la maana. Aliambiwa awaachilie wale wenye kelele zaidi, awagongee muhuri wa kutorudi. Umati ukazidi tu. Ilipofika kama saa tano na nusu usiku, akaamua mwenyewe: fungua.

Kati ya waliovuka hapo usiku huo ni mwanasayansi wa miaka 35 aliyekuwa ametoka sauna yake ya kila Alhamisi. Anaitwa Angela Merkel. Miaka 16 baadaye alikuwa Kansela wa Ujerumani yote.

Watu hupenda kusema Schabowski ndiye alivunja ukuta kwa bahati mbaya. Si kweli. Karatasi hiyo isingeandikwa kama mitaa haingejaa. Na kosa lake halingefanya kitu kama watu wangeamua kulala nyumbani.

Harusi ya haraka

Waliovuka walipewa Deutsche Mark 100 za kukaribishwa, soo moja kila mtu, na maduka ya Berlin Magharibi yakajaa. Wimbo wa maandamano nao ukabadilika: kutoka sisi ndio wananchi, ukawa sisi ni taifa moja.

Machi 18, 1990, mashariki ilipiga kura huru kwa mara ya kwanza, na asilimia 93 ya wapiga kura wakatokea. Walioahidi muungano wa haraka wakashinda. Julai 1 pesa zikawa moja. Septemba 12, Ujerumani mbili na wale washindi wanne wa 1945 wakatia sahihi mkataba mjini Moscow. Oktoba 3, 1990, GDR ikakoma kuwepo. Chini ya mwaka mmoja tangu ukuta uanguke.

Halafu ikaja bili. Kansela Helmut Kohl alikuwa ameahidi mashariki itachanua. Shirika moja, Treuhand, likapewa makampuni ya serikali zaidi ya 8,000 yenye wafanyakazi kama milioni nne, liyauze au liyafunge. Lilimaliza kazi 1994. Mamilioni walipoteza job, kwa nchi ambayo hawakuwa wamewahi kujua kukosa job ni nini. Vijana, hasa madem, wakaenda magharibi kutafuta. Mzae wa miaka 50 aliyekuwa fundi anayeheshimika akaambiwa ujuzi wake hauna soko.

Wale hawakuwa kwa picha

Kuna kundi ambalo hizo video hazionyeshi. GDR ilikuwa imeleta wafanyakazi wa mkataba kutoka Vietnam, Msumbiji, Angola na kwingineko. Ukuta ulipoanguka, wengi wao walipoteza kazi wakarudishwa makwao. Wamsumbiji walikuwa wamekatwa sehemu kubwa ya mshahara kwa ahadi kwamba watalipwa nyumbani. Wengi hawakulipwa yote. Wanaitwa Madgermanes, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiandamana Maputo wakidai haki yao.

Mwangola Amadeu Antonio hakufika hata hapo. Novemba 1990, wiki chache baada ya fataki za muungano, alipigwa na genge la wabaguzi mjini Eberswalde. Alifariki Desemba 6. Wimbo wa taifa moja ulikuwa na watu ambao haukuwahesabu.

Upepo ulifika mpaka huku

Afrika Mashariki ilikuwa na uhusiano na GDR kitambo. Zanzibar iliitambua 1964, na zile fleti ndefu za Michenzani zilijengwa kwa msaada wake. Kenya nayo, kwenye mahubiri ya Mwaka Mpya 1990, Kasisi Timothy Njoya aliuliza kama tawala za chama kimoja Afrika zitapona baada ya yaliyotokea Ulaya Mashariki. Alishambuliwa vikali na wanasiasa wa Kanu. Julai ikawa Saba Saba. Desemba 1991 Kifungu cha 2A kikafutwa, na Moi akakubali vyama vingi.

Wanakumbuka aje leo?

Sikukuu ya taifa ni Oktoba 3, Novemba 9 hapana. Sababu ni kwamba Novemba 9, 1938 ndio usiku Manazi walichoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi. Huwezi kucheza densi tu siku hiyo.

Bernauer Strasse sasa ni makumbusho. Kipande cha kilomita 1.3 kiliachwa kikachorwa na wasanii, East Side Gallery. Leipzig huwasha mishumaa kila Oktoba 9. Na tangu 1992, mtu yeyote anaweza kuomba faili yake ya Stasi asome nani alimuuza. Kuna ndoa zimevunjika kwa hiyo meza ya kusomea, na kuna watu wamechagua kutosoma kamwe.

Februari 2018 ukuta ulikuwa umetimiza muda mrefu zaidi ukiwa chini kuliko ulivyosimama. Bado mishahara ya mashariki iko chini, na wadosi wengi wa makampuni na mahakama wanatoka magharibi. Chama cha mrengo mkali wa kulia, AfD, kilishinda uchaguzi wa jimbo la Thuringia 2024, na 2025 kiliongoza karibu mashariki yote. Hasira hiyo ina sababu nyingi, lakini watu kuhisi walinunuliwa badala ya kuunganishwa ni mojawapo.

Kubomoa kulihitaji watu 70,000 wenye mishumaa ambao hawakukimbia. Kuungana kunahitaji mtu wa upande mmoja kukubali kwamba mwenzake wa upande ule naye alikuwa na maisha. Hiyo ya kwanza iko kwa video. Ya pili haina kamera, na ndiyo bado inaendelea.