Kadi Iliyotoka Ugenini

Pale Lyulilo, jirani na Matema, mitumbwi ya Wakisi hufika ikiwa imesheheni vyungu. Wanawake wa Ikombe huvifinyanga kwa mikono, huvichoma, kisha huvipakia majini, kwa kuwa Milima ya Livingstone imeshuka hadi ukingoni mwa Ziwa Nyasa na njia nyepesi ni ziwa lenyewe. Zamani, kabla shilingi haijazoeleka, chungu kilibadilishwa kwa nafaka ya Wanyakyusa wa bondeni. Kila mara swali lilikuwa moja: chungu hiki na nafaka hii vinalingana? Na kama havilingani, nani aongeze, na aongeze kiasi gani?

Swali hilohilo ndilo lililozaa neno handikapu. Katika Uingereza ya karne ya 17 watu wawili waliotaka kubadilishana vitu, tuseme koti kwa kisu, walimteua mpatanishi. Yeye alivitazama vile vitu, akataja ziada ambayo mwenye kitu hafifu alipaswa kutoa. Kisha wote wawili waliingiza mikono ndani ya kofia na kuitoa kwa pamoja, na namna mkono ulivyotoka ndiyo iliyoonyesha kama mtu amekubali au amekataa. Kwa Kiingereza maneno yale, mkono ndani ya kofia, yakabanwa yakawa neno moja. Samuel Pepys aliuandika mchezo huo katika shajara yake mwaka 1660, akisema hakuwahi kuujua kabla ya siku hiyo. Kutoka mezani neno likahamia kwenye mbio za farasi, ambako farasi mwenye kasi alibebeshwa uzito zaidi, na katika karne ya 19 likaingia kwenye gofu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu, jambo lenyewe ni rahisi. Mchezaji huzunguka mashimo 18, na anayetumia mikwaju michache ndiye mshindi. Handikapu ni nafuu anayopewa yule ambaye bado hajafikia kiwango cha mabingwa. Mwenye handikapu 18 akimaliza kwa mikwaju 90, hesabu yake inasomwa 72, na sasa anaweza kushindana na fundi aliyemaliza kwa 72 bila nafuu yoyote. Mzee wa miaka 70 na kijana wa 20 wanatoka pamoja asubuhi, na hakuna anayejua mapema nani atashinda. Sijui mchezo mwingine mkubwa uliolifanya jambo hili kuwa uti wa mgongo wake.

Wazo ni la zamani kuliko neno. Thomas Kincaid, mwanafunzi wa utabibu mjini Edinburgh, aliandika katika shajara yake ya mwaka 1687 namna ya kusimama, namna ya kuzungusha fimbo, na pia namna ya kumpa mpinzani nafuu ili mchezo usawazike. Kwa miaka zaidi ya 200 baada yake, nafuu hiyo iliamuliwa kwa macho. Viongozi wa klabu waliwajua watu wao, wakasema huyu apewe mikwaju mitano, yule apewe kumi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mtu alipotoka kwao. Kila klabu ilikuwa na mizani yake, na mara nyingi jiwe la mizani lilikuwa mchezaji wake bora. Klabu yenye fundi hodari iliwapa wengine nafuu kubwa. Klabu ambayo bora wake alikuwa wa kawaida iliwapa nafuu ndogo. Wawili waliokuwa na handikapu 6 wangeweza kukutana kwenye uwanja wa tatu, mmoja akamwacha mwenzake kwa mbali. Ni sawa na debe la mpunga: Kyela limejazwa likasawazishwa mdomoni, kwingine likarundikwa juu mpaka likaota kilima, na yote mawili yakaitwa debe moja.

Waliolitatua tatizo hilo walikuwa wanawake, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu habari hii husahauliwa. Aprili 1893, jijini London, vilabu kadhaa vya wanawake viliunda umoja wao, Ladies' Golf Union. Katibu wake wa kwanza wa heshima alikuwa Issette Pearson, mchezaji kutoka Wimbledon, akisaidiwa na Dk. Laidlaw Purves, tabibu wa macho mzaliwa wa Edinburgh. Kabla ya hapo mmoja wa waandaaji alikuwa amepokea barua kutoka kwa Horace Hutchinson, bingwa na mwandishi mashuhuri wa gofu, iliyowashauri waachane na mpango huo: wanawake, kwa maoni yake, hawakuwa na uwezo wa kuungana wakafanikisha jambo. Hawakuachana nao. Mwaka huohuo wakafanya mashindano yao ya kwanza ya ubingwa kule St Annes, na fainali ilikuwa kati ya Lady Margaret Scott na Pearson mwenyewe. Pearson alishindwa. Mwaka uliofuata akafika fainali tena, akashindwa tena na mtu yuleyule.

Lakini kazi aliyoifanya nje ya mashindano ndiyo iliyodumu kuliko vikombe. Mashindano ya ubingwa yalikutanisha wanawake wa vilabu vingi, na mara moja ikaonekana kwamba namba walizokuja nazo hazikulingana. Umoja ukaacha kumtumia mchezaji bora wa kila klabu kama jiwe la mizani. Badala yake kila uwanja ukawekewa kipimo chake: idadi ya mikwaju ambayo mchezaji wa daraja la juu angepaswa kutumia pale. Kazi hii ilihitaji mtu asiyekuwa na upande, na Pearson aliisimamia kwa mkono mzito hata baadhi ya vilabu vikanung'unika. Hesabu ya mchezaji ikasomwa dhidi ya kipimo cha uwanja aliochezea. Ndani ya takriban miaka kumi handikapu ya mwanamke ikawa kitu cha kubebeka: aliondoka nayo kwao, akafika kwingine, ikaeleweka. Wanaume wa Visiwa vya Uingereza walisubiri hadi miaka ya 1920 kupata mpango wa pamoja wa namna hiyo. Na klabu ya St Andrews, iliyoanza mwaka 1754 na kuhesabiwa kuwa mlezi wa kanuni za gofu, ilikubali kupokea wanachama wanawake mwaka 2014.

Afrika Mashariki gofu ilikuja na maofisa wa kikoloni. Entebbe walianza mwaka 1901, Nairobi mwaka 1906, Muthaiga mwaka 1913. Tanganyika ikapata viwanja vyake Dar es Salaam, Arusha, Moshi, na hata Mufindi katikati ya mashamba ya chai. Na huku ndiko tofauti ya uwanja na uwanja ilipokuwa kubwa mno. Sehemu nyingi hazikuwa na maji wala mashine za kutunza nyasi laini kuzunguka shimo, kwa hiyo waliweka mchanga uliochanganywa na oili, ukashindiliwa hadi ukawa sakafu ya kahawia. Wachezaji waliuita brauni. Kabla ya mkwaju wa mwisho njia ya mpira ilikwanguliwa ikawa nyororo, na mpira ulikwenda kama umewekewa reli. Aliyezoea brauni alipofika kwenye nyasi zenye miinuko alipotea kabisa. Huko Jinja kulikuwa na kanuni ya nyumbani kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji auinue bila adhabu. Yeyote aliyekulia karibu na mdomo wa Mto Kiwira au wa Songwe ataona mara moja kwamba kanuni hiyo iliandikwa na watu wenye akili.

Tofauti nyingine haikuandikwa kwenye kadi yoyote. Vilabu hivyo vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliingia akiwa kedi, amebeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine. Kedi ndiye aliyejua upepo wa saa tisa alasiri, ndiye aliyejua udongo mgumu uko wapi. Jioni alicheza kwa fimbo iliyovunjika na kuungwa, pengine akimaliza kwa mikwaju ambayo bwana wake hakuwahi kuifikia. Hesabu yake haikuwa na pa kupelekwa. Handikapu hutolewa kupitia klabu, na yeye hakuruhusiwa kuwa mwanachama. Dawa ya Pearson ilisawazisha viwanja. Haikugusa mlango wa klabu. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya na Tanzania waliokuja baadaye walitokea kwenye safu hiyo ya makedi, na kwa wanawake leo tuna Chama cha Gofu cha Wanawake Tanzania, na mchezaji kama Madina Iddi wa Arusha, ambaye ametwaa mataji nje ya mipaka yetu.

Turudi kwenye hesabu. Kujua uwanja ni mgumu kiasi gani kwa fundi hakukutosha, kwa sababu ugumu hauwaumizi wote sawasawa. Bwawa la mita 150 mbele ya fundi ni mapambo. Mbele ya mchezaji wa kawaida ni kaburi la mipira. Mwanajeshi wa majini wa Marekani, Dean Knuth, alipokuwa masomoni Monterey mwaka 1977, alipendekeza kila uwanja upimwe mara mbili, kwa fundi na kwa mchezaji wa kawaida. Ukichora mistari ya alama zao, jinsi mstari unavyopanda kwa ukali ndivyo uwanja unavyomwadhibu yule dhaifu. Kipimo hicho huitwa mteremko wa uwanja. Kinaanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo kiwango cha kawaida kinachotumika kusawazishia.

Chukua mfano wa kubuni. Mtu anacheza nyumbani, uwanja mwepesi wenye kipimo cha 69.0 na mteremko 110, anamaliza kwa 90. Mikwaju ya ziada ni 21. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 110, unapata 21.6. Wiki ijayo anasafiri hadi uwanja wa 73.5 wenye mteremko 135, anamaliza kwa 96 na kurudi amenuna. Ziada ni 22.5, zidisha kwa 113, gawanya kwa 135, unapata 18.8. Ile 96 iliyomnunisha ni bora kuliko 90 aliyojivunia kwa karibu mikwaju mitatu. Bila hesabu hii asingejua, na klabu yake isingejua.

Hata hewa inahesabiwa. Wapimaji wa viwanja huanza kuzingatia mwinuko ukizidi takriban mita 610 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa juu hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali. Nilikopita mimi, kutoka Matema hadi Kasumulu, sijaona uwanja wa gofu. Lakini kama siku moja utajengwa mmoja ufukweni Ngonga au Itungi, ambako ziwa liko mita zisizofika 480, hautapunguziwa hata mkwaju mmoja kwa sababu ya mwinuko. Mchezaji wa Mufindi atakayeshuka kupitia Tukuyu hadi bondeni atashangaa mpira wake unavyoanguka mapema.

Januari 2020 mifumo sita iliyokuwa ikitumika sehemu mbalimbali za dunia iliunganishwa kuwa mmoja. Sasa handikapu hutokana na wastani wa hesabu 8 bora kati ya 20 za mwisho, na ukomo wake ni 54.0 kwa wanaume na wanawake sawa. Kadi ya ugenini ina uzito uleule wa kadi ya nyumbani, mradi uwanja umepimwa, kanuni zimefuatwa na aliyecheza nawe ameshuhudia.

Kinachobaki ni mkono ule wa kwenye kofia, yaani uaminifu wa mchezaji mwenyewe. Yuko anayeficha kadi nzuri aliyoipata safarini ili handikapu yake ibaki juu na azawadiwe kikombe siku ya mashindano. Huyo anaiba, tuseme hivyo waziwazi. Yuko anayeficha kadi mbaya ili aonekane fundi, na huyo hujipunja mwenyewe. Wote wawili wanaharibu kipimo ambacho watu walikihangaikia zaidi ya miaka 100.

Kwa hiyo ndugu mchezaji, uwe wa Lugalo, Morogoro, Arusha au Mufindi: ukicheza ugenini, andika hesabu yote na uiwasilishe kabla ya saa sita usiku ya siku hiyohiyo. Mfumo hutazama pia mvua na upepo wa siku hiyo kwa kulinganisha hesabu za wote waliocheza pale, na unahitaji angalau hesabu nane. Yako inaweza kuwa ya nane.