Mpira wa Kikapu na Malezi ya Hamaki

Mwishoni mwa mwaka 1891, baridi ya Massachusetts ilipowaondoa wachezaji viwanjani na kuwafungia ndani, palikuwa na darasa moja katika chuo cha wahudumu wa Y.M.C.A. mjini Springfield, nchini Marekani, lililokwisha washinda walimu wawili; kwani wanafunzi wake 18, watu wazima waliozoea vishindo vya uwanjani, walitakiwa kuinua mikono na miguu kwa hesabu, hata uchovu wao ukageuka inadi. Luther Gulick, mkuu wa mafunzo ya viungo, aliyeitakidi kwamba mwili, akili na roho havitengani, akamkabidhi darasa hilo James Naismith, mwalimu kijana mzaliwa wa Kanada, akampa muhula wa siku 14 abuni mchezo wa ndani.

Naismith alizijua ghadhabu za mchezo. Alipokuwa akisomea dini huko Montreal alicheza raga, na siku moja mwenzake wa ubavuni alipandwa na hamaki akamwaga matusi, kisha akageuka, akamwona, akamtaka radhi, ingawa Naismith katu hakupata kumkanya. Na kwa tukio hilo akayakini kwamba yako mambo ya moyo yafundishikayo uwanjani kuliko mimbarini.

Basi akaitafuta hasira pale inapozaliwa. Akaona kwamba mchezaji huangushwa kwa sababu anakimbia na mpira mkononi. Akakataza kukimbia nao. Akaona tena kwamba goli lililosimama wima huita mpira uvurumishwe kwa nguvu zote. Akalilaza, akalipandisha juu ya vichwa, ili mpira uingie kwa shabaha na utulivu wa mkono. Mtunza jengo akampatia vikapu viwili vya pichi, vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni.

Katika kanuni zake 13, ya tano ndiyo niistahiyo kuliko zote. Ilikataza kupiga kikumbo, kushika, kusukuma, kutega na kupiga; aliyerudia kosa alitolewa hadi goli lipatikane, na aliyekusudia kumjeruhi mwenziwe alitolewa kwa mchezo mzima, wala hakuwekewa badali. Tafakari hali ya kijana huyo aliyeketi kando, akiwatazama wenzake wanane wakihangaika mbele ya tisa kwa ajili ya pigo lake moja: hapana waadhi wa mwalimu ambao ungemfikishia madhara ya ghadhabu kwa uwazi kama ule.

Mwaka 1892 Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi katika chuo cha wanawake cha Smith, si mbali na Springfield, aliwapelekea wanafunzi wake mchezo huo, lakini akaigawa sakafu sehemu tatu, mchezaji asivuke mpaka wake, na akakataza kupokonyana mpira. Nia yake ilikuwa njema, na wasichana wale walilazimika kutegemeana kwa pasi. Walakini mimi naona pana upungufu, kwani aliuondoa ule mpokonyano wenyewe ambamo mchezaji wa Naismith, mpira ukimtoka mikononi, alipaswa kuchagua kwa nukta moja baina ya kumpiga mwenziwe kikumbo na kumwacha aende.