Msizi wa Amani: Mti Uliopimwa Kabla ya Kujulikana

Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoko katika Milima ya Usambara Mashariki, kwenye mwinuko wa takriban mita 900 kutoka usawa wa bahari, kilianzishwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1902 ili kutafuta mimea ambayo ingeiletea koloni faida. Katika miaka ya utawala huo, kahawa, mpira, miti ya kwinini na miti ya mbao kutoka mabara mbalimbali ilipandwa katika vitalu vilivyotapakaa kwenye miteremko, na hivyo ikapatikana bustani ya miti, yaani mahali ambapo spishi nyingi hukuzwa karibu karibu ili ukuaji wake ulinganishwe chini ya mvua na udongo uleule.

Miongoni mwa miti iliyoletwa humo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ulikuwamo msizi, ambao asili yake ni misitu ya Uganda, Kongo na eneo la magharibi ya Ziwa Viktoria. Jina lake la kisayansi, Maesopsis eminii, linamkumbuka Emin Pasha, na jina lake la Kiswahili limetokana na lile la Kiganda. Kwa mtaalamu wa misitu wa wakati huo msizi ulikuwa na kila sifa: shina lililonyooka, mbao nyepesi zisizosumbua msumeno, na ukuaji wa kasi ambao miti mingi ya asili ya Usambara haikuweza kuufikia.

Sifa hizo zilithibitishwa kwa vipimo, na ni vema kueleza vipimo hivyo vilipima nini. Kipenyo cha mti huchukuliwa kwenye kimo cha kifua, ambacho kwa kawaida ni mita 1.3 kutoka ardhini, ili kuepuka uvimbe wa tako la shina. Kutokana na kipenyo hicho hupatikana eneo la mkato wa shina, ambalo likizidishwa kwa urefu wa mti, kisha kwa kigezo cha umbo kinachofidia kusinyaa kwa shina kadiri linavyopanda, hutoa ujazo wa mbao kwa mita za ujazo. Hesabu hiyo ni sahihi na ina manufaa makubwa, lakini haisemi lolote kuhusu mbegu za mti zinakoangukia, wala kuhusu kinachoota chini yake. Aliyeuliza habari za mbao alijibiwa habari za mbao.

Baada ya vita Waingereza walikirithi kituo, na katika kipindi chao mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alikusanya vielelezo vingi na kutunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, kazi ambayo thamani yake haijapungua, ingawa inafaa kukumbuka kwamba majina yenyewe yalitoka vinywani mwa wenyeji waliokwisha kuitambua miti hiyo kwa gome, harufu na matumizi yake muda mrefu kabla ya kituo kujengwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo na misitu ulihamishiwa Muguga, nchini Kenya, na vitalu vya Amani vikabaki bila watu wengi wa kuvifuatilia.

Msizi, hata hivyo, haukusimama. Ulipandwa kwa wingi Kwamkoro, na matunda yake yakapata msambazaji hodari, hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa anayemeza tunda zima na kuidondosha mbegu mbali na mti mama. Mbegu hiyo huhitaji mwanga ili mche ukue, na mwanga uliletwa na wakata mbao: mitambo ilipoingia msituni kutafuta mtambara, ambao magogo yake yalitakiwa kwa plaiwudi, na miti mingine mikubwa ya asili, kila mti ulioanguka uliacha uwazi, na katika uwazi huo msizi uliwahi kuota kuliko miti ya asili.

Sensa ya misitu iliyofanywa mwaka 1986 na 1987 kwa msaada wa Finland, pamoja na kitabu kilichohaririwa na A. C. Hamilton na R. Bensted-Smith mwaka 1989, viliudhihirisha uharibifu huo. Ukataji wa kibiashara ulisimamishwa, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye hekta 8,380. Kuhusu msizi wenyewe, watafiti walionya kwamba ungeweza kulitawala paa la msitu, yaani tabaka la juu la matawi yaliyokutana, na kwamba udongo chini yake hupungukiwa na tabaka la majani yanayooza ambamo wadudu wengi huishi.

Onyo hilo lilistahili kutolewa, ila kuulaumu mti peke yake ni kuusahau msumeno uliotangulia. Msizi haustahimili kivuli, hata miche yake yenyewe hudhoofika chini ya misizi mikubwa, na palipo na msitu uliofungamana hauna nafasi kubwa ya kuingia. Kwa hiyo swali la Amani limehama kutoka kwenye mashina hadi kwenye miche, ambayo sensa nyingi za misitu, zinazoanza kuhesabu kwenye kipenyo cha sentimita 10, huipita bila kuiandika: je, chini ya misizi iliyozeeka inaota mitambara, au inasubiri misizi mingine uwazi ujao?