Saratani ya puru inaporudi: Upasuaji wa pili na matumaini ya kuishi

KWA miaka mingi, kurudi kwa saratani ya puru baada ya mgonjwa kufanyiwa upasuaji kulihesabiwa kuwa hukumu isiyo na rufani. Mgonjwa alipewa dawa za kutuliza maumivu, kisha akarudishwa nyumbani. Siku hizi, baadhi ya wagonjwa hao wanaweza kufanyiwa upasuaji mwingine, mkubwa kuliko ule wa kwanza, unaorefusha maisha kwa miaka kadhaa na hata kuwaponya wengine kabisa. Hata hivyo, upasuaji huo hutoza mwili gharama kubwa na haumfai kila mgonjwa.

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ina urefu wa takriban sentimita 15 na huishia kwenye tundu la haja kubwa. Imekaa ndani ya fupanyonga, mahali finyu mno. Mbele yake pana kibofu cha mkojo pamoja na tezi dume kwa wanaume, au uke na mji wa mimba kwa wanawake. Nyuma yake pana mifupa ya mwisho ya uti wa mgongo, na kando yake hupita mishipa mikubwa ya damu na neva zinazoelekea miguuni. Ufinyu huo ndio unaoufanya ugonjwa uliorudi kuwa mgumu kutibu, kwani uvimbe haukawii kushikamana na viungo vya jirani.

Saratani hii hurudi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusambaa hadi viungo vya mbali, hasa ini na mapafu. Ya pili ni kuota tena palepale ilipoondolewa, ndani ya fupanyonga. Makala haya yanahusu zaidi njia hii ya pili.

Ilikotoka hatari

Mnamo 1908, daktari Mwingereza Ernest Miles alichapisha matokeo ya upasuaji aliokuwa akiufanya kupitia upande wa tundu la haja kubwa. Kati ya wagonjwa 57, ugonjwa uliwarudia 54. Miles akabuni upasuaji wa kuingilia tumboni na chini kwa pamoja, ili kuondoa puru pamoja na tezi za limfu zinazoizunguka. Ingawa matokeo yaliimarika, kwa miongo mingi saratani iliendelea kurudi kwa sehemu kubwa ya wagonjwa.

Badiliko kubwa lilikuja 1982, pale Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alipoeleza kwamba puru imefunikwa na tabaka la mafuta lenye ngozi yake nyembamba, na kwamba chembe za saratani hubaki ndani ya mafuta hayo iwapo daktari atayapasua ovyo. Alipendekeza mfuko huo wote uondolewe ukiwa mzima, bila kuchanwa. Mbinu hiyo sasa ndiyo kipimo cha upasuaji bora wa puru kote duniani.

Tiba ya miale nayo ilichangia. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 1997 ulionyesha kuwa kumpa mgonjwa miale kabla ya kupasuliwa kulipunguza visa vya saratani kurudi kutoka asilimia 27 hadi asilimia 11 katika muda wa miaka mitano. Mnamo 2001, watafiti wa Uholanzi walithibitisha kwamba miale husaidia hata pale mbinu ya Heald inapotumika: baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 2.4 ya waliopata miale, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya waliofanyiwa upasuaji pekee.

Kwa sababu hiyo, katika vituo vyenye ujuzi na vifaa, saratani hurudi ndani ya fupanyonga kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya kumi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Upasuaji wa kwanza uliofanywa vyema ndio kinga kuu dhidi ya upasuaji wa pili.

Dalili na uchunguzi

Visa vingi vya kurudi kwa saratani hii hutokea katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Dalili zinazopaswa kumrudisha mgonjwa hospitalini mara moja ni maumivu ya nyonga au makalio yasiyokoma, hasa yanayoshuka mguuni. Kutokwa na damu au usaha. Ugumu wa kwenda haja. Na kupungua uzani bila sababu. Maumivu yanayoshuka mguuni huashiria kwamba huenda uvimbe umefikia neva.

Lakini kungoja dalili ni hatari. Baadhi ya wagonjwa hawahisi lolote hadi uvimbe unapokuwa mkubwa. Ndiyo maana madaktari huwataka waliotibiwa wahudhurie kliniki kwa miaka mitano, wapimwe kiwango cha protini iitwayo CEA katika damu, wapigwe picha za CT na kuchunguzwa utumbo kwa kamera. Protini hiyo ikianza kupanda, uchunguzi zaidi hufanywa hata kama mgonjwa anajihisi mzima.

Shaka ikiwapo, picha ya MRI huonyesha uvimbe umegusa kiungo kipi. Sampuli ya nyama huchukuliwa inapowezekana, kwa kuwa kovu la upasuaji wa awali huweza kufanana na uvimbe.

Upasuaji wenyewe

Lengo ni moja: kuutoa uvimbe wote ukiwa umezungukwa na nyama isiyo na saratani. Ikiwa uvimbe umeshikamana na kibofu, kibofu huondolewa. Ukiwa umeingia mji wa mimba, huondolewa pia. Ukifikia mifupa ya mwisho ya uti wa mgongo, sehemu ya mfupa hukatwa.

Upasuaji wa kuondoa viungo vya ndani ya fupanyonga kwa pamoja ulielezwa mara ya kwanza na Alexander Brunschwig jijini New York mnamo 1948. Aliufanya kwa wagonjwa 22, hasa wa saratani ya mlango wa kizazi, na watano kati yao wakafariki kutokana na upasuaji huo. Tangu wakati huo, maendeleo katika utoaji wa nusukaputi, damu na uangalizi wa wagonjwa mahututi yameupunguzia hatari mno.

Kazi hii huchukua saa nyingi na huhitaji jopo: mpasuaji wa utumbo, wa njia ya mkojo, wa mifupa, na wa kurekebisha maumbile, ambaye huziba pengo kwa nyama kutoka tumboni au pajani. Kabla yake, mgonjwa ambaye hakuwahi kupata miale hupewa miale pamoja na dawa za tibakemikali ili uvimbe unywee. Aliyewahi kuipata anaweza kupewa tena kwa kipimo kidogo.

Matokeo

Mnamo 2018, muungano wa wapasuaji unaojulikana kama PelvEx ulichapisha matokeo ya wagonjwa 1,184 wa saratani ya puru iliyorudi, waliotibiwa katika vituo 27. Uvimbe uliondolewa wote, bila chembe kubaki ukingoni, kwa asilimia 55.4 ya wagonjwa.

Kwa hao, nusu waliishi miezi 36 au zaidi. Walioachwa na chembe zinazoonekana kwa hadubini pekee, muda huo ulikuwa miezi 27. Walioachwa na uvimbe unaoonekana kwa macho, ulikuwa miezi 16. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai walikuwa asilimia 48.1, 33.9 na 15 mtawalia.

Takwimu hizo zinaeleza kwa nini madaktari hukataa kumpasua mgonjwa wanapoona mapema kwamba uvimbe hautaisha: atabeba mateso yote ya upasuaji na kupata faida ndogo.

Katika utafiti huohuo, asilimia 1.8 ya wagonjwa walifariki ndani ya siku 30, na takriban mmoja kati ya watatu alipata matatizo makubwa kama vile maambukizi, kuvuja kwa utumbo au kidonda kisichofunga.

Nani hafai?

Kwa kawaida upasuaji haupendekezwi iwapo saratani imesambaa mbali na haiwezi kuondolewa huko, imezingira neva kuu za miguu pande zote mbili, au mwili wa mgonjwa ni dhaifu mno. Mgonjwa wa aina hii hupewa miale ya kupunguza maumivu, tibakemikali na huduma ya kupunguza makali ya ugonjwa. Kuambiwa kwamba hutapasuliwa si kusema umetupwa. Maumivu yanaweza kudhibitiwa, mofini ikiwemo.

Maisha baadaye

Anayepasuliwa huenda akaishi na mfuko wa kinyesi tumboni, na mwingine wa mkojo ikiwa kibofu kimeondolewa. Uwezo wa kufanya tendo la ndoa mara nyingi hupungua au hutoweka. Nguvu hurejea polepole, kwa miezi kadhaa. Mambo haya yanafaa kuelezwa waziwazi kwa mgonjwa na mwenzi wake kabla ya fomu ya idhini kutiwa sahihi.

Nchini Kenya, rufaa za saratani ngumu hufika katika hospitali kama vile Kenyatta jijini Nairobi na ile ya mafunzo na rufaa ya Moi mjini Eldoret. Bima ya NHIF ilibadilishwa na SHA mnamo Oktoba 2024, hivyo familia zinashauriwa kuthibitisha mapema kiasi kitakacholipiwa.

Kabla ya kukata kauli, mgonjwa ana haki ya kuuliza: Je, picha ya MRI inaonyesha uvimbe unaweza kutoka wote? Ni viungo vipi nitakavyopoteza? Jopo hili limefanya upasuaji kama huu mara ngapi? Nisipopasuliwa, nitasaidiwaje? Jibu la swali la kwanza ndilo lenye uzito mkubwa zaidi katika kukadiria miaka iliyosalia.